Mkalimani wa Mzee Weldon

Katika shule tatu alizofundisha Bomet Mashariki, Mwalimu Jerusa Chepkemboi hakuwahi kumsaidia mtoto kuiba mtihani. Hilo si jambo dogo. Kuna mwaka walimu wenzake walipata karatasi ya Hisabati siku mbili kabla ya mtihani wa darasa la nane, wakaiweka mezani wakisugua mikono, na yeye akaichukua, akaitia kwenye jiko la chai ya walimu na kukoroga makaa juu yake. Walimnunia muhula mzima. Shule ikashika mkia. Wazazi wakasema huyu mama ana kiburi, na hawakukosea. Kiburi alikuwa nacho cha kutosha hata kugawia jirani. Lakini alistaafu na jina safi, na mpaka leo ukisema "Mwalimu" pale sokoni Merigi bila kuongeza jina, watu wanajua unamsema nani. Haya yasemwe mapema, mtu asije akadhani alizaliwa na mkono mrefu.

Mumewe, Mzee Weldon, alikuwa mtu wa ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe watatu na maneno machache. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ndiye aliyebeba sinia la Meza ya Bwana, vikombe arobaini vidogo vidogo, akipita nalo safu kwa safu. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote. Ugonjwa wake ulianzia puani. Zamani majirani walimwita anuse kibuyu cha mursik awaambie kama maziwa yameiva vizuri au yameharibika, na neno lake halikubishiwa. Mwaka mmoja akapitisha kibuyu kilichooza, wageni wa harusi wakashinda wakipishana chooni, na watu wakacheka mwezi mzima. Pua ilikuwa imekufa na mwenyewe hana habari.

Miaka ikapita, mkono wa kulia ukaanza kucheza wenyewe, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada kama mtu anayepukuchua mahindi. Kisha Jumapili moja sinia likamponyoka. Vikombe vyote arobaini. Weldon akapiga magoti kuviokota, na kila alichokiokota kikaanguka tena, mpaka Jerusa akatoka kwenye viti vya akina mama na kumshika ule mkono mbele ya kanisa zima. Wiki iliyofuata wakaenda hospitali Kericho, wakapewa jina la ugonjwa: Parkinson. Tena wakaulizwa kama wangekubali kuingia kwenye utafiti.

Daktari wa utafiti aliitwa Beverly Mokaya, mwanamke wa Kisii, mpole, mwenye miwani iliyomteremka puani kila alipoinama. Aliwaeleza bila haraka. Ugonjwa huu kwa mwingine hukaa mikononi na miguuni tu, hata miaka ishirini. Kwa mwingine hupanda kichwani na kumla akili upesi. Hakuna ajuaye mapema nani atakuwa yupi.

"Sisi tunatafuta alama, Mwalimu," alisema. "Kwa damu, na kwa yale maji ya uti wa mgongo. Kitu ya kutuambia mapema, huyu itampanda kichwa, huyu hapana. Tukijua hiyo, kesho kutwa mtu ataweza kutafuta dawa ya kuizuia."

Kila miezi sita Mzee angetolewa damu, mara moja kwa mwaka maji ya mgongo, na kila mara angefanyiwa mtihani wa kumbukumbu, ili kilichoonekana kwenye damu kilinganishwe na kilichomo kichwani. Dawa zake za kila siku angepewa hapo hapo bila malipo. Weldon akatia kidole gumba kwenye wino.

Sasa, Kiswahili cha Weldon kilikuwa cha kununulia chumvi. Mambo ya kufikiri aliyafikiri kwa Kipsigis, na daktari hakujua Kipsigis hata cha salamu. Muuguzi aliyezoea kutafsiri alikuwa likizo.

"Mimi ni mwalimu," Jerusa akasema. "Niulize, nitamuuliza."

Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Mtihani ulikuwa wa maksi thelathini. Leo ni tarehe ngapi, tuko mji gani, chora saa, toa tatu kwa hamsini, kisha tatu tena, na tena. Taja wanyama hawa kwenye picha. Na maneno matano ya kukariri: kengele, ndizi, daraja, sindano, mvua. Baada ya dakika kumi daktari akayauliza yale maneno. Weldon akakumbuka mawili. Alipata ishirini na moja. Daktari akaiandika ile hesabu kama mtu anayeandika uzito wa kabichi, lakini Jerusa alihisi uso wake ukiwaka moto. Miaka thelathini na mmoja ya ualimu, na wa nyumbani kwake anapata ishirini na moja.

Kwenye benchi la nje walimkuta Onyiego, mstaafu wa kiwanda cha chai, naye mgonjwa wa Parkinson, mtu aliyejua habari zote za hospitali, nusu yake za uongo.

"Mama, chunga hiyo mtihani," Onyiego alimnong'oneza Jerusa. "Hapa ukianguka mara mbili, mara tatu, wanakutoa kwa hii research. Na ukitolewa, dawa ya bure kwisha. Mimi nakuambia kwa sababu nakuona mtu wa maana."

Angemrudia daktari na kumuuliza, mambo yangeishia pale pale. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba unaogopa, na Jerusa hakuwa na mazoea hayo. Daktari alikuwa amesema karatasi haitabadilika, itakuwa ileile kila mara ili wapate kulinganisha. Jerusa alishangaa sana. Mtihani gani unaorudiwa karatasi ileile? Akakaa kwenye benchi, akatoa kalamu, akaandika maswali yote nyuma ya kadi ya kliniki, moja hadi la mwisho, wala hakusahau hata nukta. Kumbukumbu yake yeye ilikuwa nzima.

Asubuhi yake, ng'ombe walipokwisha kukamuliwa, darasa likafunguliwa pale sebuleni.

"Baba Nelvine, maneno matano."

"Kengele, ndizi, daraja..." Weldon alitazama dari. "Sindano."

"Na nini?"

"Mwalimu, hii si wizi?"

Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua. Jerusa akaitazama ile kadi.

"Wizi ni kuchukua kitu ya mtu," akasema. "Hii ni kichwa yako mwenyewe."

Hakuna mtu ajuaye kujidanganya kama mtu aliyesoma. Kwa miezi sita, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, walirudia saa, wanyama na tatu tatu kutoka hamsini. Agosti ile, mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, Weldon alipata ishirini na nane. Daktari Beverly akavua miwani akaipangusa.

"Mzee, umeamka!" alisema, na Jerusa akatafsiri, na Weldon akacheka.

Kwa sababu ya ile ishirini na nane, daktari akaandika dawa mpya, kidonge kidogo cheupe cha kutuliza mkono. Kabla ya kumpa Jerusa karatasi alimkazia macho.

"Nisikize vizuri, Mwalimu. Hii dawa hatupei mtu ambaye kumbukumbu yake imeanza kulegea. Inaweza kumvuruga kabisa. Mzee yuko sawa, ndio maana nampea. Ukiona chochote kimebadilika kwa nyumba, unaniambia siku hiyo hiyo."

"Nitakuambia," alisema Jerusa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Na kidonge kilifanya kazi. Huo ndio msiba wenyewe, kwamba kilifanya kazi. Baada ya wiki tatu mkono ulitulia. Weldon akarudi shambani na kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi, safi, hata karani wa kituo cha kununulia chai akamuuliza kama amekodi vijana. Akakamua. Akafunga vifungo vya shati peke yake. Jumapili ya kwanza ya Oktoba akaomba kubeba sinia, mchungaji akasita, kisha akampa. Weldon alipita safu ya kwanza hadi ya mwisho na hakuna tone lililomwagika. Alipomfikia mkewe alisimama kidogo zaidi ya ilivyopasa. Jerusa alichukua kikombe chake na kulia bila kujificha, na siku hiyo kama ungemwambia akilipie kile kidonge kwa mboni ya jicho lake, angekuuliza la kulia au la kushoto.

Ikaja Februari, akapita tena, kwa kukariri. Daktari akaongeza vidonge viwe viwili kwa siku. Mvua za masika zilipoanza, Weldon akaanza kuwaona watoto.

Walikuwa kwenye chai. Walikaa chini ya vichaka, alisema, wadogo, hawana viatu, na hakuna mtu aliyewaita kula. Hawakumwogopesha, aliwahurumia. Alikuwa akisimama ukingoni mwa shamba na kuwasalimia, "Chamgei," kisha anangoja jibu. Jerusa alimwona mara ya kwanza kupitia dirisha la jikoni, akadhani anaongea na jirani. Aliposogea karibu na kuona hakuna mtu, alisimama pale mpaka sufuria ikaungua.

Hakuwa mjinga. Alikumbuka neno la daktari, kila herufi. Alikumbuka pia kwamba akisema, kidonge kitaondolewa, mkono utaanza kupukuchua mahindi yake, na sinia litapewa mtu mwingine. Akaviweka viwili hivyo kwenye mizani, mikono na akili, kana kwamba ni vyake vya kuchagulia. Akachagua mikono. Alijiambia kwamba watoto wa kufikirika hawamdhuru mtu. Alijiambia kwamba kila mzee huongea peke yake. Binti yao wa pekee, Nelvine, aliyekuwa na duka la viazi na mbegu Londiani, alipopiga simu kuuliza hali ya Baba, alijibiwa kila mara, "Mzuri tu, anachuma chai." Na ilikuwa kweli. Alikuwa anachuma chai.

Agosti ya mwaka huo kukariri nako kukashindwa. Maneno matano yalikuwepo bado, maana yalikuwa yamechimbiwa ndani, lakini mengine yote yalikuwa yameteleza. Wakaketi mbele ya daktari kama kawaida, Weldon katikati.

"Muulize tuko mji gani."

Jerusa akauliza. Weldon akajibu kwa Kipsigis kwamba wako Ndanai, kwenye josho la ng'ombe, na foleni ni ndefu.

"Anasema Kericho," Jerusa akatafsiri.

Ulimi haukumkwaza hata kidogo. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Mwaka gani?"

Weldon akasema ni mwaka ule mahindi yalikauka, yeye angali kijana.

"Elfu mbili ishirini na nne."

Kisha Weldon akamwinamia mkewe, akaashiria pembe ya chumba kwa kidevu, akamuuliza taratibu hawa watoto walio humu kwa daktari ni wa nani na mbona wamelowa.

"Anasema nini?" aliuliza daktari.

"Anauliza kama kuna chai."

Daktari akacheka, akatoka mwenyewe kwenda kuileta. Aliporudi aliandika ishirini na tisa. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya, akazungusha kompyuta yake kuwaonyesha mstari unaopanda kama barabara ya mlimani.

"Hii ndiyo inaninyima usingizi," alisema. "Tazama damu yake. Tangu mwaka wa kwanza ile alama inapanda, na kwa maji ya mgongo hivyo hivyo. Kwa wengine wote, alama ikipanda hivi, kichwa kinaanguka. Yeye kichwa kinapanda! Mwalimu, huyu mzee ana kitu inamlinda. Nimeandikia wenzangu. Tutaanza kuitafuta hiyo kitu kwa damu yake."

Alikuwa na furaha ya kweli, ya mtu aliyechimba kisima miaka mingi na sasa anasikia maji. Jerusa akaitazama ile furaha. Hapo alikuwa na nafasi ya mwisho, na aliijua kuwa ni ya mwisho. Akasema, "Mungu ni mwema," akamshika mumewe mkono wakatoka.

Desemba Nelvine akaja kukaa Krismasi, na mtoto wake mgongoni, Kibet, wa miezi saba, mjukuu wa kwanza. Weldon alimpokea vizuri. Kwa wakati ule alikuwa na saa zake nzuri, na Jerusa alikwisha kujua kumfunika saa mbaya: "Baba amechoka," "Baba amelala." Siku ya tatu, mchana, Jerusa na binti yake walikuwa jikoni wakichoma kuku manyoya, na mtoto alikuwa analizwa na moshi. Nelvine akamchukua mpaka barazani.

"Baba, nishikie Kibet kidogo."

Jerusa alikuwa na kuku mkononi. Alisikia vizuri. Kusema hapana kungehitaji sababu, na sababu ingefungua mlango wote. Ni dakika kumi tu, alijiambia. Akaendelea kunyonyoa.

Mawingu yalishuka kutoka upande wa msitu, ghafla, kama yanavyoshuka kule. Tone la kwanza likapiga bati. Nelvine akafuta mikono, akatoka barazani, na Jerusa akamsikia akiuliza, "Baba, mtoto yuko wapi?"

"Nimempeleka kwa wenzake," alisema Weldon.

"Wenzake gani?"

Weldon akaonyesha shamba la chai kwa mkono uliotulia kabisa.

Ekari moja na nusu ya chai, ukiitazama kutoka juu, ni kitu kidogo. Ukiingia ndani, vichaka vimeshikana kiunoni, na chini yake kuna giza la kutosha kuficha ng'ombe aliyelala. Walikimbia wakiita, kana kwamba mtoto wa miezi saba ataitika. Kisha mvua ya mawe ikaanza, yale mawe ya Desemba yanayotoboa majani, na kelele ya bati na majani ikameza kila sauti. Nelvine alirudi mbio kwa baba yake, ambaye alikuwa amesimama mvuani akiwa kichwa wazi, akamshika mabega akamtikisa.

"Umemweka wapi? Baba! Nijibu! Umemweka wapi?"

Weldon aliona kwamba anaulizwa swali. Akasimama wima, mikono ubavuni, akamtazama Jerusa kama mtoto anavyomtazama mwalimu wake siku ya mkaguzi, akajibu kwa sauti safi:

"Kengele, ndizi, daraja, sindano, mvua."

Jerusa akageuka akarudi kwenye vichaka, akipapasa chini kwa mikono.

Nelvine ndiye aliyempata mtoto, baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, safu ya kumi na moja, amelazwa vizuri juu ya koti la babu yake, kichaka kikiwa kimemkinga kichwa na mawe yakimfikia miguuni. Alikuwa kimya, midomo ya bluu. Walimsugua, wakamvua, wakamweka kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, na jirani mwenye gari akawapeleka hospitali. Kichomi kilimkamata pande zote mbili. Siku kumi na moja alipumua kwa mpira wa puani. Akapona. Hilo lisemwe haraka, maana kuna mengine ambayo hayakupona.

Siku ya nne, kwenye ukumbi wa wodi, Nelvine alimgeukia mama yake. Hakupaza sauti.

"Mama, Baba amekuwa hivi tangu lini?"

Jerusa alitaka kusema wiki iliyopita. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limenyooka, limepigwa pasi. Akamtazama binti yake, macho yaliyovimba, maziwa yaliyolowesha blauzi kwa kukosa wa kunyonya, na neno likamshinda.

"Tangu masika. Hii ya mwaka huu."

"Na mtoto wangu ukaacha nimpe."

"Ndiyo."

Nelvine akatikisa kichwa polepole. "Nitakuwa napiga simu," alisema. "Kuja, sitakuja." Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hapa kifo kilikosea mlango kwa hatua moja tu.

Januari ilipoanza Jerusa alikwenda Kericho peke yake. Alikaa mbele ya Daktari Beverly na kuweka mezani ile kadi ya kliniki, maswali yote nyuma yake, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Akasema yote. Kadi, asubuhi za darasa, Ndanai, mwaka wa mahindi, watoto waliolowa. Aliposema "Anauliza kama kuna chai," daktari aliinua mkono kumzuia, kama mtu aliyepigwa, kisha akaushusha.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Waliniambia akianguka mtamtoa."

"Nani alikuambia?" Sauti ya daktari ilipasuka. "Tumtoe? Hao wanaoanguka ndio tunatafuta! Ndio research yenyewe! Angeanguka, ningeandika ameanguka, na hiyo dawa nisingempea kabisa. Wala kuiongeza. Hii dawa kwa kichwa kama hiyo ni sumu. Unaelewa? Mwaka mzima na zaidi anaimeza..." Akavua miwani. "Na watu wamekaa maabara miezi mingapi, wakitafuta kwa damu yake kitu ya kumlinda."

"Haiko, daktari," Jerusa alisema. "Ilikuwa ni mimi."

Daktari hakumfukuza. Pengine angemfukuza ingekuwa nafuu. Alimwandikia jinsi ya kupunguza kidonge, nusu kwa nusu, wiki kwa wiki, maana hakiachwi ghafla. Akasema baada ya hapo watapima tena, kwa karatasi nyingine na mkalimani mwingine, wajue kilichoharibiwa na dawa ni kipi na kilicholiwa na ugonjwa ni kipi. Cha dawa huenda kingerudi. Cha ugonjwa hakirudi.

Kwa hiyo Jerusa akawa na kitu cha kungojea. Alipunguza vidonge kama alivyoagizwa, akiandika kila siku kwenye daftari, na kila siku alikuwa akimchunguza usoni. Watoto wakapungua. Wiki ya tano Weldon alisimama ukingoni mwa chai, akaangalia, akasema, "Wameenda kwao." Mkono ulirudia kutetemeka, vibaya kuliko zamani, na mguu nao ukafuata, sasa alilishwa uji kwa kijiko. Mchungaji alimtuma mtu kuja kuchukua joho la mzee wa kanisa. Lakini asubuhi moja Weldon aliuliza, "Yule mtoto wa Nelvine alipona?" na Jerusa akaenda nyuma ya zizi akalia kwa matumaini. Kama amekumbuka hilo, alijiambia, basi mengi yanarudi.

Machi wakaenda Kericho. Kwenye kiti cha mkalimani alikaa Sista Chepkurui, muuguzi Mkipsigis wa hapo hapo hospitali. Jerusa alipewa kiti ukutani, na sharti moja: asitie neno.

Weldon aliulizwa mji, akasema Kericho, na ilikuwa kweli. Jerusa alikaza vidole. Aliulizwa mwezi, akasema Krismasi imepita. Aliulizwa mwaka, akafungua mdomo, akaufunga. Saa aliyoichora ilikuwa na namba zote upande mmoja, zimebanana. Alipofika kwenye maneno matano mapya hakukumbuka hata moja. Hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi ya vile alivyokuwa na watoto wake kwenye chai, maana zamani hakujua kwamba hajui. Sasa alijua. Jasho lilimtoka kipajini. Akageuka kitini, mwili mzima ukitetemeka, akamtafuta mkewe.

"Mwalimu," alisema. "Niambie."

Jerusa alikuwa nayo yote matano. Yalikuwa pale ulimini.

"Mzee, jaribu wewe mwenyewe," alisema Sista Chepkurui kwa Kipsigis, taratibu.

"Mwalimu, moja tu."

Hakuna kitu alichowahi kumnyima mtu huyu kwa miaka arobaini na mbili. Jerusa alitazama sakafu. Aliutazama mshono wa simenti kati ya viatu vyake na hakuinua macho, hata alipomsikia akianza kupumua kwa shida, hata aliposikia kiti kikilia, mpaka Sista akasema haya, tuendelee na lingine.

Alipata kumi na moja. Daktari Beverly aliiandika kando ya hesabu ya damu, akakaa akizitazama.

"Zinalingana," alisema hatimaye, wala hakukuwa na furaha yoyote. "Damu yake ilisema hivi hivi tangu mwaka wa kwanza. Alama ilikuwa ya kweli. Mimi niliamini ule mtihani."

"Na kile kilichokuwa kirudi?" Jerusa aliuliza.

"Kimerudi, Mwalimu. Hiki ndicho."

Mvua ilikuwa imejikusanya nje. Jerusa alimsaidia mumewe kusimama, akamtia mkono mmoja kwenye koti, kisha wa pili, akivizia utulie kidogo kabla ya kuuingiza. Weldon alikuwa akimtazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma ubao wa matokeo.

"Nimepita?" aliuliza.

Daktari na Sista wote wakainamia karatasi zao.

"Hapana, Baba Nelvine," alisema Jerusa. "Umeanguka."

Weldon akafikiri juu ya jambo hilo. Kisha akainua ule mkono wake mbaya, akampigapiga mkewe begani, mara hapa, mara pale, akimfariji.

"Si kitu," alisema. "Nitarudia darasa. Mwaka ujao utanifundisha tena."

Jerusa akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka shingoni, maana nje kulikuwa na baridi.